Siku moja maishani mwangu: Malindi, kazini kwenye upepo wa Bahari ya Kaskazini

Saa kumi na mbili na nusu. Mahamri na mbaazi mezani, na jirani keshabisha hodi. "Mwanangu, soketi ya friji yatoa cheche, na wewe si ndiwe fundi stima?"

"Shikamoo mama. Zima swichi kubwa, nitakuja jioni."

Fundi stima ndiyo, ila sina bisibisi. Kazi ni kuthibitisha kwa kompyuta kwamba shamba la upepo lililoko baharini Uingereza halitaivuruga gridi. Kufua umeme ni nusu tu ya shughuli. Kuruhusiwa kuuingiza ndiyo nusu ngumu.

Saa mbili mpaka saa nne: barua pepe, kisha data za kebo. Kebo ya kilovolti 220 chini ya bahari ni kapasita ndefu, yaani hubeba chaji yenyewe. Kila kilomita hutoa takriban megavari 2.7 za umeme riakitivu, ule usiowasha taa lakini unaopandisha volteji. Kilomita 50 ni megavari 135, hata kama hakuna panga la mtambo lililozunguka. Ndiyo maana riakta, yaani koili kubwa, huwekwa kuumeza. Hornsea One, shamba la upepo lenye mitambo 174, liko mbali kiasi kwamba lilijengewa kituo cha riakta katikati ya njia, baharini. Leo kapasitansi ya kebo, kipimo cha chaji inayobeba, imeandikwa na sifuri moja pungufu. Nimeirudisha kwa aliyeituma.

Saa nne Uingereza inaingia ofisini, na hapo siku inaharibika.

Jaribio lenyewe: volteji ya gridi kuu inaangushwa hadi sifuri kwa milisekunde 140, kana kwamba radi imepiga laini ya umeme. Mitambo hairuhusiwi kujikata. Volteji ikirudi juu ya asilimia 90, ndani ya nusu sekunde nguvu iwe imefika asilimia 90 ya ilivyokuwa. Kesi, yaani hali za kujaribu, ni kumi na mbili, kila moja dakika arobaini za kompyuta, maana modeli ya mitambo ni kasha lililofungwa, huoni ndani, na inadai hesabu ifanywe kwa hatua za maikrosekunde kumi. Ukiongeza hatua, inatapika namba zisizo na maana.

Kesi tisa zimepita. Ya kumi, laini moja ya nchi kavu ikiwa imezimwa, nguvu inarudi vizuri halafu inaanza kuyumba, juu chini, na haitulii. Gridi ikiwa dhaifu, kidhibiti cha volteji kinasukuma, volteji inaruka kuliko kilivyotarajia, kinavuta, na hivyo hivyo.

Msimamizi wa upande wa mteja akapiga simu: je, grafu haiwezi kuishia kwenye sekunde ya kwanza? Inaweza. Mtikisiko unaanza baada ya hapo.

Nikamkumbusha 9 Agosti 2019. Radi ilipiga laini, Hornsea One ikaporomoka kutoka megawati 799 hadi 62, kituo cha gesi nacho kikakatika, masafa ya umeme yakashuka hadi hezi 48.8 na wateja zaidi ya milioni moja wakakaa gizani. Kule pia udhibiti wa volteji uliyumba gridi ilipodhoofika. Akanyamaza, kisha akauliza itachukua muda gani.

Muda! Kupunguza ukali wa kidhibiti ni namba moja tu. Lakini ukiupunguza mno kinakuwa mzito, na sheria inataka volteji ishughulikiwe upesi. Robo chini: bado inayumba. Nusu: imetulia, ila imechelewa. Adhana ya alasiri ikapita. Stima ya hapa ikakatika, betri ikashika, feni ikasimama, jasho likadondokea kibodi. Theluthi: imetulia kwa wakati. Na ukigusa kidhibiti, zile tisa zilizopita hazihesabiki tena, zote zinarudiwa.

Soketi ya mama, magharibi: skrubu ya waya wa moto ilikuwa imelegea. Bisibisi ilikuwa yake.

Usiku, kesi kumi na moja zimepita. Ya mwisho inakimbia, laptopu juu ya stuli, feni imeelekezewa yeye.