Mihuri ya Ndara na Kadi za Idi

Mvua za vuli zilipoanza kuwavujia watoto wa chuo chetu cha Kurani hapa Wete, Pemba, msahafu mmoja ukaloa hadi kurasa zikagandana. Sisi kina mama wanane tukakubaliana kutafuta fedha za mabati kwa kuuza kadi za Idi tulizozichapa wenyewe. Niliweka sharti moja: mtu ainunue kadi kwa kuwa ameipenda, si kwa kutuonea huruma, na iliyoingia doa isiuzwe.

Tulianza na mbatata, lakini maji yake huchanganyika na rangi, na siku ya pili muhuri umeshasinyaa. Ndipo tukageukia ndara kuukuu. Soli yake ni laini kwa wembe lakini haipondeki, na ukiigundisha kwenye kipande cha ubao kinachoenea kiganjani unapata muhuri wa kuchapia mamia ya kadi. Siri iko kwenye ukataji: ukingo wa kila mstari uteremke kuelekea nje, kwa sababu ukiuchimba kwa ndani mstari mwembamba hulala unapobonyezwa. Rangi nayo haichovywi. Hupakwa kidogo kidogo kwa kipande cha sponji la godoro.

Nakshi hatukwenda kuzitafuta mbali. Mnyororo, samaki na yungiyungi tulivitoa kwenye milango ya kuchongwa ya Unguja, na kikonyo cha karafuu tukakiongeza sisi, kwani Pemba bila ya karafuu haijakamilika. Nilifurahi pia kukumbuka kwamba kanga za mwanzo za pwani hii, katika karne ya 19, zilipigwa chapa kwa vibao vya kuchongwa, kwa hiyo mikono yetu ilikuwa inarejea kazi ya zamani.

Maandishi ndiyo yaliyotutesa. Muhuri wangu wa kwanza wa "Idi Mubarak" niliuchonga kama unavyosomeka, na kadi 14 zikatoka kinyume kabla hatujatanabahi. Shoga yangu mmoja, mshoni, ndiye aliyetuonyesha njia: andika kwa penseli laini kwenye karatasi, ilaze kifudifudi juu ya soli, kisha isugue kwa mgongo wa kijiko. Herufi hubaki kwenye soli zikiwa zimegeuka, tayari kuchongwa.

Kila karatasi ngumu ya A4 tuliikata nusu kwa nusu na kukunja kila nusu, hivyo karatasi 100 zikatupa kadi 200. Kwa kuwa Idi hurudi nyuma takribani siku 11 kila mwaka, na safari hii ilikaribiana na masika, hewa ilikuwa nzito na rangi ikichelewa kukauka. Tulizitundika kadi kwenye kamba ukumbini kwangu usiku kucha, na hata hivyo 10 zaidi ziliharibika. Zilizobaki, 176, ziliuzwa shilingi 2,000 kila moja, na baada ya kutoa gharama tulimkabidhi mwalimu shilingi 290,000. Upande uliokuwa ukivuja zaidi umeshaezekwa.

Upande wa pili unasubiri Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja. Nimeanza kuchonga mtende, na makuti yake membamba yamenishinda mara mbili. Leo, baada ya Isha, najaribu soli nene zaidi.