Kuisoma santuri ya panki kabla ya kutoa pesa

Jumamosi, usiku

Kwetu panki ni mtindo wa kunyoa, na ukifika Mwanza panki ni mgongo wa sangara uliokwisha kutolewa minofu. Ninayoiwaza usiku huu ni panki ya Uingereza, muziki ulioshika moto 1976, na hasa zile santuri ndogo za inchi 7 zilizouzwa na maduka yasiyo na bwana mkubwa nyuma yake.

Rough Trade ilifunguliwa London mwaka 1976 ikiwa duka, ikawa lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, 1978. Small Wonder ya Walthamstow na Good Vibrations ya Belfast nazo zilianza hivyo hivyo. Aliyekufungia santuri kaunta ndiye aliyelipa kiwanda kuifyatua. Ndiyo maana vitu hivi vina alama nyingi za mikono, na anayejua kuzisoma hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Chukua Spiral Scratch ya bendi ya Buzzcocks, Januari 1977. Walikopa pauni 500, wakarekodi nyimbo 4 Manchester siku chache kabla ya mwaka mpya, wakafyatua nakala 1,000. Jalada linataja kila wimbo ulipatikana katika jaribio la ngapi na kama kuna sauti zilizoongezwa baadaye. Mnunuzi alikwenda nyumbani na muziki pamoja na maelekezo ya kazi. Sasa ukiikuta kwenye kasha, tafuta jina la Howard Devoto, mwimbaji wao wa kwanza, mbele ya jalada. Likiwepo kando ya jina la bendi, hilo ni toleo la 1979. Lisipokuwepo, usishangilie bado: zile 1,000 zilipokwisha walifyatua nyingine, hadi kama 16,000.

Baada ya jalada, itoe santuri yenyewe. Ishike kwa kingo, iinamishe chini ya taa moja, si chini ya taa nyingi. Kati ya mwisho wa wimbo na ile karatasi ya duara ya katikati, nayo huitwa lebo, kuna ukanda mtupu, na humo ndimo fundi wa kukata mifereji ya sauti alimoandika namba, mara nyingi kwa mkono. Fundi mmoja, George Peckham, alikuwa akiacha saini yake humo, “A Porky Prime Cut”. Linganisha namba hizo na za nakala inayojulikana. Kwenye jalada la bandia, picha huwa na ukungu na herufi ndogo zimevimba, kwa sababu limepigwa picha kutoka jalada jingine. God Save the Queen ya bendi ya Sex Pistols yenye lebo ya A&M ikiuzwa kwa bei ya chai, iache: zilifyatuliwa takribani 25,000 Machi 1977, karibu zote zikaharibiwa.

Mikwaruzo haina uzito sawa. Ile inayoonekana tu kwenye mwanga huishia kuwa mchakacho mdogo. Ile ambayo ukucha unaihisi italia tak, tak, kila sekunde 1.3, maana ndio muda wa mzunguko mmoja kwa kasi ya 45, yaani mizunguko 45 kwa dakika. Mifereji ikiwa ya kijivu badala ya kung’aa, sindano nzito ilishaila, na hakuna sabuni itakayorudisha. Sikiliza mwisho wa upande, karibu na lebo, ndiko uchakavu unakojitokeza kwanza.

Kuna kasoro ambayo si kasoro. The Feeding of the 5000 ya bendi ya Crass, toleo la Small Wonder, inaanza na kimya. Wafanyakazi wa kiwanda nchini Ireland walikataa kufyatua wimbo wa kwanza, bendi ikaacha nafasi yake tupu na kukipa kimya hicho jina. Usimrudishie muuzaji. Na ni santuri ya inchi 12 inayokwenda kwa 45. Kwa 33 utadhani waimbaji wamelewa.

Teenage Kicks ya bendi ya The Undertones, Good Vibrations 1978, ilivikwa karatasi kubwa iliyokunjwa. Ikunjue yote, kagua mikunjo: hapo ndipo inapochanika.

Nyumbani, iondoe mara moja kwenye mfuko wa plastiki laini unaonuka. Mfuko wa namna hiyo huacha ukungu mweupe kwenye mifereji, na ukungu huo unavuma kama mvua ya mbali. Tumia mfuko wa karatasi ndani, wa polithini nje. Isimamishe, usiilaze.

Kibandiko cha bei cha duka la zamani naona kiachwe. Ndicho cheti cha kuzaliwa. Kama lazima kitoke, tumia mashine ya kukaushia nywele, joto la chini, umbali wa shibiri moja, uvute polepole kwa pembe ya chini. Kikianza kuondoka na rangi, simama hapo hapo.