Neno Nililolilainisha Matondoni

Mei 2015 kusi lilikuwa limeshika, mashua nyingi za Matondoni, kijiji chetu kisiwani Lamu, zimekaa pwani, na wazee walikuwepo mjini. Ndiyo siku waliyofika maofisa wawili wa mazingira kutoka Nairobi, kuchukua maoni yetu kabla ya mkutano wa Paris wa mabadiliko ya tabianchi. Fomu zao zilikuwa za Kiingereza, na Kiswahili chao cha bara kilikwama kila mzee aliposhika Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu. Nikaitwa mimi, niliyekuwa nimetoka chuoni juzi tu, niwe mkalimani.

Tulikaa kwenye banda la kuundia majahazi. Ofisa mkubwa alieleza vizuri, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alichora mchangani kwa kijiti: maoni yenu yanakwenda Nairobi, sisi tunayatia katika msimamo wa nchi, msimamo unaungana na wa nchi za Afrika, kisha na kundi la nchi zinazoendelea, G77 na China, lenye nchi zaidi ya 130. Mjumbe akiingia kwenye mazungumzo bila takwimu wala ushahidi wa watu wake, alisema, hana cha kushikilia.

Maneno ndiyo yaliyonitoa jasho. "Kupunguza" hewa chafu kulieleweka upesi, ingawa mmoja aliuliza tupunguze nini sisi tusio na kiwanda. "Kuhimili" mabadiliko ya tabianchi kukaleta kimya. Fundi mmoja wa majahazi, babu yetu sote pale, akaweka nyundo chini.

"Kuhimili ni kazi ya aliyetwishwa. Aliyetutwisha ni nani?"

Akasema mai ya kisima chake yamekuwa ya munyu, yaani ya chumvi. Akasema mtu akikuvundia chombo hakupi msaada, hukulipa fidia.

Nikatafsiri: wazee wanaomba msaada. Niliona "fidia" ni neno zito kuwatupia wageni wa serikali. Kalamu ya ofisa ikaenda kidogo tu, ikasimama. Babu akaniangalia. "Umeyasema yote?" Nikaitikia kwa kichwa.

Chakula cha mchana hakikupita kooni. Alasiri, maji yakianza kupwa, nilikimbia mpaka gatini. Walikuwa wameshapanda mashua. Nikapaza sauti, nikamweleza nilichokosea. Ofisa akafungua daftari juu ya goti, mashua ikiyumba, akalikata lile neno kwa mstari mmoja na kuandika "fidia". Pembeni akaandika sentensi ya babu neno kwa neno, nikimsomea mara mbili. Tone la maji lilidondokea wino, akalipangusa kwa kidole gumba.

Julai Kenya ikawasilisha ahadi yake: kupunguza gesi joto kwa asilimia 30 ifikapo 2030, kulinganisha na kiwango ambacho ingefikia bila kuchukua hatua, kwa sharti la kusaidiwa kutoka nje. Desemba Mkataba wa Paris ukapitishwa. Niliusoma usiku kwenye simu, nikaenda moja kwa moja kifungu cha 8, cha hasara na uharibifu. Kifungu kimo humo. Lakini aya ya 51 ya uamuzi ulioupitisha mkataba inasema kifungu hicho si msingi wa dhima wala fidia.

Neno lile lile. Halikuwa la babu peke yake, kwani watu wa visiwa vya mbali nao walikuwa wamelidai kwa miaka. Hata hivyo nililisoma kama barua iliyorudishwa kwetu.

Asubuhi nilimkuta babu akikalafati, akisukumiza pamba yenye mafuta kwenye maungio ya mbao. Nikamwambia.

"Wamekataa kulipa, au wamekataa kuandika?"

"Wameandika kwamba kifungu hakiwalazimishi kulipa."

Akanipa mviringo wa pamba nimshikie, akagonga mara tatu, akapapasa ungio kwa kidole.

"Yule kijana wa daftari, mwambie arudi. Kisima cha pili nacho kimengiya munyu."