Barua ya Lincoln ambayo haikutumwa

Kwa sisi tunaofanya kazi masijala hapa Dodoma, ambako majalada ya wizara yaliifuata Serikali ilipohamia, nyaraka za Abraham Lincoln, rais wa Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani zina mvuto wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa si barua alizoandika rais mwenyewe bali ni zile alizoandikiwa na majenerali, wanasiasa, waombaji wa vyeo na wazazi waliokuwa na watoto vitani.

Hata hivyo, waraka unaonishughulisha zaidi ni wa mkono wake, wa tarehe 14 Julai 1863, kwa Jenerali George Meade wa jeshi la Kaskazini, yaani la Serikali yake. Siku 11 kabla ya hapo Meade alikuwa ameshinda vita vya Gettysburg, lakini jeshi la waasi wa Kusini chini ya Robert E. Lee likapata mwanya wa kuvuka mto Potomac na kurudi Virginia. Lincoln anaanza kwa shukrani, kisha uchungu unamzidi, anamweleza waziwazi kwamba nafasi adhimu imepotea na kwamba jambo hilo limemsikitisha kupita kiasi. Alipomaliza aliiweka barua kando, na kwenye bahasha akaandika kwamba haikutumwa wala kutiwa saini. Rasimu ya namna hiyo, katika utaratibu wetu, isingepewa hata namba ya folio (namba ya waraka ndani ya jalada). Ingechanwa, na mtafiti wa kesho angebaki na simu za maandishi za kijeshi zilizopimwa kila neno.

Karatasi hizo zilinusurika kwa njia ndefu. Lincoln alipouawa mwaka 1865, nyaraka za rais zilihesabiwa kuwa mali yake binafsi (sheria ya kuzifanya mali ya umma ilipitishwa mwaka 1978 tu), hivyo mwanawe Robert alizipeleka Illinois kwa Jaji David Davis, msimamizi wa mirathi ya baba yake. Mwaka 1919 zilifikishwa Maktaba ya Bunge, na mwaka 1923 Robert akazikabidhi rasmi kwa sharti kwamba zisifunguliwe hadi ipite miaka 21 tangu kifo chake. Alifariki tarehe 26 Julai 1926. Zikafunguliwa tarehe 26 Julai 1947. Sheria yetu ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 huhesabu miaka 30 tangu waraka ulipoandikwa, nami naona hilo ni la haki zaidi kuliko kusubiri mauti ya mtu mmoja.

Leo picha za nyaraka hizo zinasomeka bure mtandaoni, na tangu mwaka 2018 watu wa kujitolea walisaidia kuzinakili kwa chapa, maana miandiko mingine inachosha macho. Anayetaka kuanza namshauri aanze na barua za mwaka 1861 za waombaji wa kazi. Zinachekesha kwa jinsi zinavyofanana na za kwetu: wengi wameambatanisha jina la mkubwa fulani anayewafahamu.