Nilivyojifunza aina za haiba bila kununua lile dodoso

Kazi yangu ni mambo ya watumishi katika kampuni moja ya malori hapa Lubumbashi. Yaani mikataba, likizo, wagonjwa, misiba, na ugomvi wa watu ambao kila mmoja anaamini mwenzake anamfanyia kusudi. Nilisomea utawala, si saikolojia. Nilipoanza kuona wenzangu wa makampuni mengine wanaweka kwenye wasifu wao herufi nne za aina ya haiba zinazotokana na dodoso la Myers-Briggs, INTJ huyu, ESFP yule, nilitaka kujua kama humo mna kitu cha kunisaidia kazini au ni mapambo tu.

Jibu nililipatia katika kikundi cha watu wa taaluma kinachokutana Jumamosi moja ya kila mwezi, katika ukumbi tunaoazimwa na parokia huko Kampemba. Si shirika, na jina lake hakuna anayelikumbuka sawasawa. Wamo watu wa watumishi kutoka migodini, wasaidizi wa chuo kikuu wanaofundisha saikolojia, mtawa anayesimamia wauguzi, na mzee tunayemwita Papa, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, aliyefundisha wasimamizi wa zamu miaka mingi. Kila mtu anatoa falanga kidogo za fotokopi na za mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme ukiamua kwenda haungoji mkutano uishe.

Papa ndiye aliyetuanzishia mada. Kwake majaribio ya saikolojia si jambo geni la intaneti: Union Minière, kampuni ya migodi ya enzi za Wabelgiji, ilikuwa na kituo chake cha saikolojia hapa Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville, miaka ya 1950, na baba yake aliketishwa mbele ya karatasi za michoro akaambiwa ajaze pengo. Matokeo hakuwahi kuambiwa. Papa anasimulia hilo kila anapokuja mtu mpya, na nadhani ndilo lililozaa kanuni anayoishika kuliko zote: aliyepimwa ndiye mwenye matokeo, na hakuna anayeruhusiwa kumwambia mwenzake "wewe ni aina fulani". Unaelezwa, unajichunguza, kisha unasema mwenyewe unajiona wapi. Mwezi ujao ukibadili mawazo, unabadili.

Dodoso lenyewe la Myers-Briggs hatukulinunua. Lina hakimiliki, na anayelitumia anatakiwa awe amepita mafunzo ya kulipia. Tukapiga hesabu ya dola tukaiacha. Tukarudi kwenye chanzo. Mwaka 1921 daktari Mswisi, Carl Jung, alitoa kitabu chake kuhusu aina za kisaikolojia. Alisema nguvu ya mtu huelekea zaidi nje, kwa watu na vitu, au zaidi ndani, kwa mawazo yake. Tena akataja kazi nne za akili: mbili za kupokea habari na mbili za kuamua. Huko Marekani, Katharine Briggs alikuwa tayari akijitungia mpango wake wa aina za watu. Alipokisoma kitabu cha Jung kwa Kiingereza mwaka 1923 akakishika. Binti yake, Isabel Briggs Myers, alianza kutunga maswali wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akitaka kuwasaidia wanawake waliokuwa wakiingia viwandani wapate kazi zinazowafaa. Wote wawili hawakuwa wanasaikolojia. Waliongeza jozi ya nne, wale wanaopenda jambo liamuliwe mapema na wale wanaoliacha wazi, na hapo ndipo zinapotoka aina 16.

Kilichochangamsha ukumbi kuliko vyote hivyo ni habari kwamba Jung alifika Afrika Mashariki mwaka 1925, akapanda hadi mlima Elgon, akazungumza na wenyeji kwa Kiswahili cha kubabaisha. Mtawa alisema basi tungemkaribisha Kampemba bila mkalimani.

Zoezi nililolipenda ni la jiwe, juu ya zile kazi mbili za kupokea habari. Papa aliweka mezani kipande cha malakiti, jiwe la madini ya shaba, akatugawa makundi mawili kwa namna tulivyojiona wenyewe: huku wanaoamini kwanza wanachokiona na kukigusa, kule wanaorukia maana iliyo nyuma yake. Dakika tano, kila kundi liandike lilichonacho mbele yake. Kundi la kwanza liliandika: kijani, mistari myeusi, kizito kuliko kinavyoonekana, pembe moja imevunjika, kimeng'arishwa upande mmoja tu. Kundi la pili, nilikokuwa mimi, tuliandika: babu, wachimbaji, machozi, uwanja wa ndege, "nani alikula faida?" Hatukuandika hata kwamba ni kijani. Fundi mmoja wa pampu alisoma karatasi yetu akauliza, kwa adabu kabisa, kama tuliangalia jiwe hilohilo. Tangu siku hiyo, fundi wa gereji akinipa ripoti ndefu ya bolti moja moja, namsikiliza hadi mwisho. Zamani nilikuwa nikimkatiza nimuulize "kwa kifupi, tatizo ni nini?" naye ananuna, na bolti aliyokuwa hajaitaja bado ndiyo yenye tatizo.

Kikundi hakikutuacha tulewe. Mkutano mwingine, msaidizi mmoja wa chuo aligawa bahasha zenye majina yetu, akasema ametuandikia kila mtu maelezo kutokana na alivyotusikia tukizungumza. Tusome kimya, tutoe alama hadi 5 kwa jinsi yanavyotuhusu. Yangu iliniambia kwamba napenda watu wanikubali lakini najikosoa sana, kwamba kwa nje najidhibiti lakini ndani nina wasiwasi. Nilitoa 4 bila kusita. Jirani yangu alitoa 5, akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni kama hati ya kiwanja. Kisha tukaambiwa tubadilishane. Zote zilikuwa neno kwa neno sawa. Ni jaribio la Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyelifanya mwaka 1948 kwa wanafunzi 39, akapata wastani wa 4.26. Maneno mengi aliyatoa kwenye kitabu cha utabiri wa nyota. Jirani yangu hakurudisha karatasi. Alisema bado ni ya kweli.

Hapo ndipo tulipoingia kwenye udhaifu wa aina zenyewe. Ukipima watu wengi, hawajikusanyi milima miwili, wa nje huku na wa ndani kule. Wengi wako katikati. Aliye katikati akijibu tena baada ya wiki kadhaa, herufi moja inaweza kugeuka ingawa yeye hajageuka. Ndiyo maana watafiti wengi huegemea Sifa Kuu Tano, ambazo ni vipimo vya kiasi, si masanduku: uwazi kwa mambo mapya, bidii ya mpangilio, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuyumba kihisia. Maswali yake yapo ya bure, yaliyokusanywa kwa juhudi za mwanasaikolojia Lewis Goldberg, na yeyote anaweza kuyatumia. Lakini nazo si msahafu. Utafiti uliotoka mwaka 2013 juu ya Watsimane, wakulima na wawindaji wa Bolivia, haukuzikuta hizo tano zikijipanga vile zinavyojipanga kwa wanafunzi wa Marekani.

Maswali hayo ya bure niliyajaribu kazini, kwa hiari, kwa madereva wachache. Mmoja, mtu mzima, alishika kalamu, akayatazama, akaniinamia: "Yaya, jibu gani njo ya kubakia na kazi?" Yaani: dada, jibu lipi ndilo litakaloniachia kazi yangu? Nilikusanya karatasi zote nikawarudishia. Hakuna hila ya takwimu itakayoponya swali lile. Karatasi ikitoka mkononi mwa anayeandika mikataba, mtu atajibu mkataba.

Kilichofanya kazi ni kidogo zaidi. Ofisini tuna wawili wanaopanga safari za Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mama mmoja anataka orodha ya malori ifungwe jioni, kila dereva ajue saa yake. Mwenzake, kijana, anangoja habari za foleni ya mpakani hadi asubuhi, kisha anapangua. Mama aliita hilo dharau. Kijana aliita hilo la Mama ukaidi. Sikuwapa dodoso. Niliwaketisha, nikawaeleza ile jozi ya nne kwa mifano ya kamati za harusi, nikamwomba kila mmoja aseme anaogopa nini orodha ikifungwa au isipofungwa. Mama aliogopa dereva aliyelala njaa akingoja wito. Kijana aliogopa lori linalokwama siku mbili kwenye mstari kwa sababu ya uamuzi wa jana. Walikuwa hawajawahi kuambiana. Sasa malori mengi hufungwa jioni, machache huachwa wazi hadi asubuhi, na madereva wa hayo machache huambiwa mapema wale kwanza. Bado wanagombana, ila siku hizi ni juu ya idadi ya hayo machache.

Shefu, yaani mkuu wangu wa kazi, alisikia, akafurahi kupita kiasi. Anataka nimwambie herufi za kila dereva anayeomba kazi. Nilimweleza kwamba hata wenye dodoso la Myers-Briggs wanakataza kulitumia kuchagua watu wa kuajiri. Alisema ataliwaza. Wiki hiyohiyo akauliza tena, nami nikampelekea matokeo ya jaribio la barabarani: nani alipunguza mwendo kwenye mteremko, nani alikagua matairi bila kuambiwa.

Mkutano ujao mada ni Eneagramu, mpango mwingine wa haiba wenye aina tisa. Msaidizi wa chuo ameshasema ataleta bahasha tena.