Tukisubiri hukumu ya mdogo wangu

Mdogo wangu amekiri kosa. Karani alimsomea shtaka kwa Kiswahili, la kumpiga mtu na kumjeruhi, akaulizwa kama ni kweli, akajibu ni kweli. Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo: ugomvi wa foleni ya maji hapa Kisauni, ngumi moja, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, inayosema mdomo ulipasuka na jino likalegea. Akakubali hayo pia. Hakimu akamtia hatiani, akaagiza ripoti ya afisa wa probesheni, yaani anayesimamia waliopatikana na hatia wakiwa nje ya jela, akataja tarehe ya hukumu. Dhamana ikaendelea.

Tangu hapo kila anayeingia kwetu ana hukumu yake mkononi. Mjomba anasema miaka mitano. Hajakosea, kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya ndivyo kinavyosema, ila hicho ni kiwango cha juu na hakimu halazimiki kukifikia. Mtu asiye na rekodi, aliyekiri mapema bila kusumbua mashahidi, anaweza kutozwa faini, au kuwekwa chini ya afisa wa probesheni kati ya miezi 6 na miaka 3, au kupewa kazi ya kuhudumia jamii kwa sheria ya 1998. Gerezani pia anaweza kwenda. Sitaki kumdanganya mama kwa hilo.

Mama alitaka tutume wazee kwa yule muuza maji aliyepigwa, wamwombe aimalize kesi. Nilikataa kabisa. Kumwendea mtu aliyeumia kwa kikundi, tena hukumu ikiwa njiani, ni kumtia hofu, na dhamana ingeweza kufutwa.

Afisa wa probesheni alikuja asubuhi, mama wa makamo, daftari mapajani. Akauliza mdogo wangu analala wapi, anafanya kazi gani, anakunywa, anamsikiliza nani hapa nyumbani. Alikuwa ameshapita kwa mzee wa mtaa. Mama akajibu mbio mbio, sifa juu ya sifa. Afisa akaandika, kisha akauliza taratibu, "Na aliyepigwa, hali yake mnaijua?"

Hatukuwa na jibu. Muda wote huo tulikuwa tukizungumza kifungo, na hakuna aliyemtaja yule kijana wa watu ila kama mlalamishi. Mdogo wangu ndiye aliyesema, ameinamisha uso, kwamba alimwona akitafuna upande mmoja, mkokoteni umeegeshwa ukutani, mitungi mitupu.

Akaomba aende kumtaka radhi. Afisa akasema iwe kwa hiari ya mwenyewe, na mzee wa mtaa awepo. Wakakutana barazani kwa mzee. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sitaki ufungwe. Nataka pesa ya jino na ya siku nilizolala bila kazi."

Naona alidai kidogo kuliko haki yake. Sheria inairuhusu mahakama kuhimiza upatanisho na fidia katika makosa madogo ya aina hii, na afisa ataliandika. Hakimu atalipima mwenyewe. Ikiwa atafungwa, zipo siku 14 za kukata rufaa, na kwa aliyekiri rufaa huwa ni juu ya adhabu tu. Pesa ya jino mdogo wangu ameshaanza kuilipa, na akifungwa nitaimalizia mimi.