Fomu ya Mwaka 2019 Iliyotufikia Mwaka 2023

Mwaka 2023, siku ya pili ya kupokea wanafunzi wa kidato cha tano, mama mmoja aliyesafiri na binti yake kutoka Kigoma aliniwekea mezani fomu ya kujiunga na shule yetu, iliyochapwa vizuri na kubanwa pini, pamoja na fedha za ada alizokuwa amezifunga kwenye leso. Niliitazama fomu ile nikaona ni yetu kweli: nembo ni yetu, mhuri ni wetu, na saini ni ya mkuu wa shule aliyekwisha kustaafu. Ilikuwa ya mwaka 2019. Serikali ilikuwa imefuta ada ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023, kwa hiyo ada iliyotajwa humo haikuwapo tena. Godoro la futi mbili na nusu tulilomtaka alete halikuhitajika, na sketi alizomshonesha binti yake zilikuwa za rangi tuliyokwisha kuiacha. Mama aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mimi nimefuata karatasi yenu." Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mimi ndiye ninayesimamia tovuti ya shule.

Fomu alitafutiwa na kijana wa steshenari, ambaye aliandika jina la shule na maneno "fomu ya kujiunga", akafungua tokeo la kwanza na kulichapa. Kijana hakukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyekuwa nikiweka fomu mpya kwenye menyu kila mwaka na kuamini kwamba ya zamani imeondoka. Kumbe kuondoa kiungo kwenye menyu hakuondoi faili kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Anwani yake inabaki hai, injini ya utafutaji inaikumbuka, na tovuti nyingine zilizoiunganisha zamani zinaendelea kuielekezea wasomaji. Faili lililounganishwa kwa miaka minne lina nguvu ambayo faili lililowekwa wiki iliyopita haliwezi kuwa nayo.

Nilipoanza kuchunguza nilikuta mengine. Ukurasa wetu wa mawasiliano ulitokea mara mbili kwenye matokeo, mmoja ukiwa na namba ya simu isiyotumika tena. Tulikuwa tumebadili mfumo wa tovuti mwaka 2020, tukaacha anwani za zamani zilizoishia kwa namba zikifanya kazi sambamba na mpya zilizoandikwa kwa maneno. Tena kila ukurasa ulifunguka kwa http na kwa https, ukiwa na www au bila www. Kwetu sisi ule ulikuwa ukurasa mmoja, lakini kwa mashine kila anwani ni ukurasa wake hadi ielezwe vinginevyo. Kampuni za utafutaji hujitahidi kuvitambua vitu vinavyofanana: mwaka 1997 Andrei Broder na wenzake, waliohusika na AltaVista, injini ya utafutaji ya wakati ule, walieleza njia ya kukata maandishi katika vipande vya maneno yanayofuatana na kupima ni vipande vingapi hati mbili zinashirikiana. Mwezi Februari 2009, Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana juu ya lebo ambayo mwenye tovuti anaweza kuitumia kutaja anwani iliyo kuu miongoni mwa nakala zake, ingawa lebo hiyo huchukuliwa kama pendekezo na si amri. Jambo lililonishtua ni kwamba fomu ya 2019 na ya 2023 zilifanana karibu kila aya, kwa kuwa kila mwaka tulinakili ya nyuma na kubadilisha palipohitajika. Kwa kipimo cha vipande vya maneno zile ni pacha. Kwa mzazi, tofauti yote iko katika tarakimu chache na mstari mmoja kuhusu sare.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa mbaya. Niliweka agizo la kutoorodhesha faili za zamani, yaani kuiambia injini ya utafutaji isizionyeshe kwenye matokeo, kisha, kwa kutaka uhakika zaidi, nikazizuia pia kupitia robots.txt, faili la utaratibu uliobuniwa na Martijn Koster mwaka 1994 kuziambia roboti za utafutaji, yaani programu zinazozisomea injini hizo kurasa, zisiingie wapi. Wiki zikapita na fomu ya 2019 ikabaki kwenye matokeo, safari hii bila maelezo chini ya kichwa chake. Sikuwa nimeelewa kwamba robots.txt inazuia kusoma na wala haizuii kuorodhesha. Roboti iliyozuiwa kuingia haiwezi kuliona agizo la kutoorodhesha lililomo ndani, sawa na mtu aliyebandika tangazo chumbani kisha akafunga mlango kwa kufuli.

Niliondoa kizuizi. Sasa anwani za fomu zote za nyuma zinajibu kwa msimbo 301, yaani zimehamia kwa kudumu kwenye anwani moja ambayo haina mwaka ndani yake, na kila mwaka ninabadilisha yaliyomo tu. Tim Berners-Lee, mbunifu wa Wavuti (World Wide Web), aliandika tangu 1998 kwamba anwani nzuri ni ile isiyobadilika, na ningelizingatia hilo mapema, mama yule asingelipoteza fedha za kitambaa. Kurasa zisizo na mrithi zinajibu 410, maana yake zimeondolewa kabisa. Zamani tulikuwa tukimrudisha kila mtu kwenye ukurasa wa mwanzo, jambo linalomchanganya msomaji na mashine pia. Wakati mabadiliko yakisubiri kusomwa, nilitumia zana ya Google ya kuficha matokeo, ambayo hudumu kwa takriban miezi sita.

Sikufuta kila cha zamani, na nisingemshauri mwalimu mwenzangu afanye hivyo. Orodha za wahitimu na taarifa za mahafali ni kumbukumbu za shule, na zina watu wanaozihitaji. Nimeziwekea juu kabisa, kwa herufi kubwa, mwaka wake na kiungo cha taarifa ya sasa.

Kilichonishinda ni nakala zilizo mikononi mwa wengine. Blogu kadhaa za elimu zilipakua fomu yetu, zikaipandisha kwenye seva zao, na kila Juni hubadilisha mwaka kwenye kichwa cha habari bila kugusa faili lenyewe. Zana ya Google ya kuripoti maudhui yaliyopitwa na wakati hukubali ombi pale tu ukurasa wenyewe umebadilika au umeondoka, kwa hiyo ni lazima mwenye blogu aguse kwanza. Nimewaandikia wote. Wawili waliondoa siku ileile na kuomba radhi. Mmoja nimemwandikia mara tatu, na asubuhi ya leo, nilipotafuta kwa simu ya jirani yangu wa steshenari, fomu ya 2019 ilikuwa tokeo la nne, ikiwa na kichwa chenye mwaka huu.